Ufa Juu ya Mlango wa Baba Mkwe

Majina ninayo yote. Wajukuu hunijaribu, wanasema, bibi, nani alikuwa jirani yako upande wa korongo, na mke wake wa pili je, na yule ng'ombe wake mwenye pembe moja aliitwaje, nami ninayatoa moja baada ya jingine kama mtu anayebangua karanga. Shule sikusoma zaidi ya ile elimu ya watu wazima, kwa hiyo kichwa changu hakikupata daftari la kukisaidia. Kila jina lililoingia ilibidi likae humo humo. Lakini katika habari hii sitaandika jina la mtu hata mmoja. Kuna jina nililitamka mara moja tu maishani, na tangu siku ile nayaogopa yote.

Ufa ulianza juu ya mlango wa baba mkwe. Niliuona mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uji asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti kizingitini, nimegeuza uso pembeni kama mkamwana anavyotakiwa, na yale macho yaliyogeuzwa pembeni ndiyo yaliyouona: mstari mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye kona ya mlango na kupanda hadi chini ya paa.

"Baba," nikasema, "ukuta umepasuka."

"Hata mimi nimepasuka," akajibu kutoka ndani. "Acha uji hapo."

Nyumba yetu ilikuwa tembe, kuta za miti na udongo, na juu paa bapa la udongo lililolala juu ya boriti. Nyumba hiyo ni nzuri kwa nchi yetu, jua likiwaka, ndani kuna ubaridi kama wa mtungi. Lakini tembe imejengwa kwa mvua haba. Mwaka ule mvua haikuwa haba. Ilinyesha siku tatu bila kupumzika, ikaacha siku moja, ikarudi, na udongo wa juu ukanywa mpaka ukashiba. Udongo ulioshiba maji una uzito usioelezeka. Ukiwa ndani ulisikia boriti zikilalamika, kwii, halafu kimya, halafu kwii tena mahali pengine.

Sisi tunajua la kufanya mvua ikizidi. Unapanda juu na jembe, unapunguza udongo. Unasimika nguzo ndani kuegemeza boriti. Unaziba ufa kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, na kiraka chenyewe kikipasuka, unajua ukuta bado unatembea, unahama. Mambo hayo matatu hata mtoto wa kuchunga mbuzi anayajua. Na hayo matatu ndiyo tuliyokatazwa.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Mnadani mitumba ilijaa, sabuni za kila rangi, redio za betri, na aliyekuwa na fedha alinunua bati. Mume wangu hakuwa na fedha. Alikuwa kibarua katika shirika moja mjini, shirika likauzwa, akarudi nyumbani na mablanketi mawili na kikohozi. Kabla kikohozi hakijamlaza alijenga upya upande wetu wa tembe, upande wa mashariki, kwa nguzo mpya za mpingo. Akasema mwaka unaofuata atajenga na wa baba yake. Zikabaki nguzo tatu, akazilaza kando ya zizi. Mwaka uliofuata tukamzika yeye. Kwa hiyo paa lilikuwa moja, upande wangu una nguzo changa, na upande wa baba mkwe nguzo zilizosimikwa na babu yake. Mama mkwe alikwisha kufa zamani. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa na mji wake ng'ambo ya korongo.

Tembe zilianza kuanguka kijijini. Tembe ikianguka haipigi kelele ndefu. Ni kishindo kimoja, kama gunia la mtama lililotupwa kutoka kwenye lori, kisha mbwa wanabweka.

Baada ya nyumba kadhaa kuanguka, mtendaji wa kijiji akatuita ofisini. Alikuwa kijana mpole, mtu wa kule Kolo, na Kigogo chetu alikuwa bado anajifunza. Alikuwa na karatasi kutoka mjini.

"Serikali itatoa mabati na misumari kwa wenye nyumba walioathirika," akasema. Watu wakapiga makofi. "Ngojeni kwanza. Si kila mtu. Kuna sifa."

Akazisoma. Mwenye nyumba awe anaishi ndani ya nyumba hiyo mwenyewe, asiwe na mahali pengine pa kulala. Nyumba iwe imeharibiwa na mvua, si na uzee. Isiwe imekarabatiwa, kamati iikute kama mvua ilivyoiacha. Na mwenye nyumba aandikwe siku hiyo hiyo kamati itakapofika kwake. Hakuna kuandikisha baadaye.

Mzee mmoja, rika la baba mkwe na mwenzake wa bao, akanyoosha fimbo. "Hiyo mvua na huo uzee, watatofautishaje? Wataifungua tembe mdomo waitazame meno?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, kamati ina wataalamu."

"Basi wanitazame na mimi. Niandikeni nimeharibiwa na mvua."

Shemeji akauliza, "Nikisimika nguzo ndani?"

"Itahesabika umekarabati."

"Nikipunguza udongo wa juu?"

"Utakuwa umebomoa mwenyewe."

"Na mzee akilala kwangu mpaka hao watu waje?"

"Basi ana mahali pengine pa kulala," mtendaji akasema, akakunja karatasi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasoma kilichoandikwa.

"Wanakuja lini?"

"Siku yoyote."

Baba mkwe alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko alivyokwenda. Hakuwahi kumiliki bati hata moja maishani mwake. Akamwambia shemeji, ili nami nisikie, kwamba asionekane mtu na jembe juu ya paa, wala asiguse nguzo zilizo kando ya zizi, wala asipake ufa. Akaingia ndani, akakaa. Kuanzia siku ile alitoka kwenda haja tu na kuota jua kidogo mlangoni, huku akitazama barabara.

Mimi nikawa napima ufa. Kila asubuhi nikishaweka uji nanyoosha mkono bila kuonekana. Juma la kwanza kilipita kisu. Juma la pili kilipita kidole changu kidogo. Halafu kidole cha kati. Punje za udongo zikaanza kudondoka ndani ya uji wake, nikawa nafunika bakuli kwa ungo, naye akawa ananicheka kutoka gizani, "Mkamwana, leo umetia chumvi au umetia nyumba?" Panya walihama upande wake wakaja kwangu. Nilikuwa nikiwasikia wakipita juu ya boriti, wengi, wakielekea mashariki.

Siku moja nilimwambia kwa kupitia ukuta, "Baba, njoo ukae upande huu mchana tu. Usiku utarudi."

"Wakija mchana?"

Mvua ikarudi.

Kisha kikasikika kile kishindo kutoka upande wa kisima. Ilikuwa tembe ya yule mzee wa bao. Naye alikuwa ndani, anangoja kamati kama wenzake. Walimchimbua kwa majembe na mikono. Nasikia alikutwa amekaa, siyo amelala, kiti chake kimeelekea mlangoni.

Siku ya mazishi watu wote walikwenda, hadi mtendaji, hadi wagonjwa. Baba mkwe akavaa koti lake la baridi, akachukua fimbo. Akasimama uani, akanipa mgongo kama desturi, akasema, "Kamati isikute nyumba tupu. Wewe baki. Wakija waonyeshe."

"Ndiyo, baba."

"Wasikuzungushe."

Wakaja. Wakati ule ule nyimbo za mazishi zinasikika kutoka ng'ambo, gari likatokea, limejaa tope hadi kwenye vioo. Walikuwa watatu: dereva, bwana mmoja mnene aliyekuwa mkubwa wao, na binti mwenye daftari kubwa. Binti alikuwa na adabu. Viatu vyake vilikuwa vimemezwa na tope, akavivua akaviacha garini, akaja peku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni."

"Nyumba imepasuka hivi tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Mmeigusa?"

"Hatujaigusa."

"Unaishi hapa?"

"Naishi."

"Unalala ndani?"

"Nalala."

Kila alichoandika kilikuwa kweli. Yule bwana aliingiza mkono wake ndani ya ufa, ukapita hadi kwenye saa. Akautoa upesi. "Hii inastahili," akasema.

"Mwenye nyumba ni nani?" binti akauliza.

"Ni baba. Baba mkwe. Yupo pale mazishini, ng'ambo ya korongo."

"Jina lake?"

Hapo ndipo niliponyamaza.

Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe wake. Haingii alalapo, hali chakula mbele yake, na jina lake halipiti mdomoni mwake wala kwenye kalamu yake, awe anaongea na wifi, na mganga, au na Mungu kanisani. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi kuliko umri wa yule binti na sikuwahi kulitoa. Mtoto wangu wa kwanza alirithishwa jina hilo, kwa hiyo hata mtoto niliyemzaa mwenyewe sikuwahi kumwita. Nilimwita Babu, tangu yuko mgongoni. Siku zote mtu akiniuliza jina la mzee, kulikuwa na mwingine karibu wa kulisema. Mtoto, jirani, mpita njia. Siku ile hapakuwa na mtu. Hata mtendaji aliyekuwa na orodha alikuwa ameshika koleo makaburini.

"Ni babu yake mwanangu," nikasema.

"Babu nani?"

"Baba wa marehemu mume wangu."

"Haya. Marehemu aliitwa nani?"

Nikamtajia. Akaandika, akanyanyua uso, akangoja. "Nani? Jina la pili?"

La pili ndilo lile lile.

Yule bwana akacheka puani. "Mtu hamjui mkwe wake? Huyu mama anaficha jambo. Au nyumba haina mwenyewe."

"Bosi, korongo linajaa," dereva akaita. "Tusipovuka sasa, tunalala huku."

"Ngojeni nikamwite," nikasema.

"Mama, hatungoji. Andika hakuna mwenyewe, twende."

Binti alinitazama. Nadhani alitaka kunisaidia na hakujua kwa njia gani. Kwao labda jina ni kitu cha kusema tu. Kisha akainamisha kalamu. Nyuma yangu likadondoka bonge la udongo kutoka juu ya mlango, likapasuka kizingitini. Nikamwona mawazoni mzee akirudi kutoka kumzika mwenzake, anaingia chini ya paa lile, anaendelea kungoja watu waliokwisha kupita.

"Mwenyewe ni mimi," nikasema.

"Aa, si ungesema tangu mwanzo!" binti akasema, akafurahi kweli kweli. "Mjane?"

"Mjane."

Akaniuliza jina langu, nikampa, langu na la baba yangu mzazi. Akanipa kalamu nitie sahihi. Niliandika herufi moja moja kama nilivyofundishwa, na nilijivunia mwandiko wangu, Mungu anisamehe.

Baba mkwe alirudi na udongo wa kaburi miguuni. Akamwambia shemeji aniulize.

"Walikuja?"

"Walikuja."

"Wameandika?"

"Wameandika."

"Vizuri," mzee akasema, akaingia kulala. Pale ndipo palipokuwa mahali pa kusema, nami sikusema. Nilijiambia mabati yakifika ni mabati, hayana mdomo.

Mvua zikakatika, jua likarudi, ufa ukakauka ukiwa wazi. Kiangazi kikiwa katikati lori likaleta mabati, na mtendaji akatuita kusoma orodha. Baba mkwe alikwenda amevaa koti lile lile. Akakaa mbele na wazee. Watu wakasomwa, mmoja mmoja, anaitikia, anapigiwa makofi, anatia dole. Halafu nikasikia jina langu. Mtendaji akasoma kama ilivyoandikwa: mwenye nyumba, mjane, tembe moja, paa moja. Hapo palipotajwa mahali penyewe, kila mtu alijua ni mji wa nani.

Wanaume wakageuka kunitazama. Makofi hayakuwepo.

Baba mkwe akainuka taratibu kwa fimbo yake. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe akageuza uso wake akanielekezea.

"Shikamoo, mwenye nyumba," akasema.

Kuna mtu alicheka, kisha akanyamaza kabla kicheko hakijaisha. Mzee wa rika lile kumwamkia mwanamke shikamoo! Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi.

Shemeji alikuja jioni ile. "Shemeji, siku hizi watu mjini wanauza viwanja hadi vya makaburi. Na wewe umeshapata mnunuzi?"

"Nilishindwa kulitamka jina la baba. Wewe unajua."

"Ungekohoa. Ungeanguka. Ungejifanya bubu."

"Walikuwa wanaondoka."

Nadhani aliniamini, lakini kuniamini hakukusaidia kitu. Akaenda kuongea na baba yake, akarudi na jibu. Mzee alikuwa amesema hivi: nimeelewa vizuri sana. Aliyeshindwa kunitaja ameweza kunifuta.

Sasa yale makatazo yalikuwa yamekwisha. Tungeweza kupunguza udongo, kusimika nguzo, kupaua. Shemeji akaja na vijana wa ukoo, wakazibeba zile nguzo tatu za marehemu hadi mlangoni. Mzee akaziba mlango kwa fimbo.

"Mnapeleka wapi?"

"Ndani, baba. Tuegemeze."

"Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba. Mimi mpangaji. Mpangaji hasimiki nguzo katika nyumba ya watu."

"Baba, hii nyumba itakuangukia."

"Ikiniangukia itaonekana ilikuwa ya nani."

Nguzo zikarudi kando ya zizi. Mabati yakakaa uani chini ya miiba, yameandikwa jina langu kwa rangi nyekundu. Jua la mchana likiyapata yalikuwa yakigonga yenyewe, ta, ta, na kila yakigonga nilitazama paa. Nilimpelekea uji kama kawaida. Alikuwa akiupokea na kusema, "Asante, mwenye nyumba," kila siku, kwa sauti ile ile. Nilituma ujumbe kwa wifi yangu aliyeolewa Haneti, dada yake marehemu, akaja, akalia mbele ya baba yake, akarudi alivyokuja. Mchungaji alikuja. Mtendaji naye alikuja, akajitolea kuandika barua mjini kurekebisha jina. Mzee akamjibu hakuna kuandikisha baadaye.

Wingu la kwanza la mvua mpya lilikaa juu ya vilima saa za alasiri. Upepo ukabadilika. Mkono wangu wakati huo ulikuwa ukiingia wote katika ufa, na kutoka nje ya ukuta ungeweza kumwona mzee amekaa ndani, kipande chake: goti, fimbo, nusu ya uso. Juu yake boriti ya katikati ilikuwa imeinama kama mgongo wa mtu aliyebeba maji. Mvua moja. Haikuhitaji mbili.

Nilisimama uani na bakuli mkononi. Nikafikiri jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka miezi yote. Ukoo wao una desturi: mkamwana akimwita baba mkwe kwa jina, mzee huyo hawezi kulala tena chini ya paa alipoitiwa, hadi mwanamke alete mbuzi na wazee wamnyunyizie maji. Hakuna mzee anayeivunja. Hata mwenye hasira haivunji, na mwenye hasira ndiye haswa, maana amekaa humo kwa ajili ya heshima.

Nikaweka bakuli chini. Nikaenda hadi mlangoni, sikupiga magoti, sikugeuza uso. Nikamwita kwa jina lake. Lote, na la baba yake.

Boriti zilikaa kimya.

"Nani ameniita?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe mkamwana?"

"Mimi."

Nikasikia fimbo ikitafuta sakafu. Akatoka na blanketi begani na kigoda chake mkononi, akanipita karibu kiasi kwamba blanketi lilinigusa. Hakusema mwenye nyumba. Akavuka korongo bila kugeuka, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka, mazito, moja moja, juu ya mabati.

Alilala kwa shemeji siku chache, kisha wifi akaja akamchukua kwenda Haneti. Wazee wa ukoo wakanijia.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Nitaleta."

"Unao mbuzi, tunawaona."

"Nitaleta, baba zangu."

Nilikuwa nao wanne. Sikuleta. Siku ambayo ningeleta mbuzi, mzee angekuwa huru kurudi, na alikuwa anangoja kurudi, wifi aliniambia. Kila asubuhi aliuliza kama mkamwana ameleta. Wazee walikuja tena mvua zikiwa katikati, wakanikuta nachuma mlenda, nikawajibu vilevile. Wanawake wenzangu kisimani waliacha kunitwisha ndoo. Walisema nimemfukuza mzee ili nibaki na paa. Nilikuwa najitwisha mwenyewe, nikipiga goti moja.

Mabati yalichukuliwa kabla ya mavuno. Kamati ilirudi kukagua, watu wengine, si yule binti. Wakakuta mabati chini ya miiba na nyumba ile ile yenye ufa. Aliyeandikwa hajapaua, hajakarabati, amepoteza sifa. Wakayapakia. Niliwasaidia kutoa miiba.

Na nyumba ilisimama. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Mvua nzima ilipita, upande ule mtupu ukasimama, nami nikiwa upande wangu wa pili wa ukuta nasikiliza. Watu walipita wakatazama, wakatikisa vichwa: kumbe ilikuwa na nguvu, mzee angelala salama. Hata mimi nilifika mahali pa kuamini nimemvunjia heshima bure. Nilimchagua mbuzi. Nikamfunga kamba.

Ilianguka siku ya jua kali, hakuna wingu, tuko kwenye kupura uwele. Kishindo kimoja. Vumbi likapanda juu ya zizi likasimama kama moshi, na mbwa wakabweka. Boriti ya katikati ilikuwa imetua juu ya mahali pa kigoda.

Kesho yake nikampandisha mbuzi kwenye lori la chumvi hadi Haneti. Mzee alikuwa ameketi ukutani kwa wifi, amepungua. Nikapiga magoti mbali, nikageuza uso.

"Nani?" akauliza.

"Mkamwana. Nimeleta mbuzi."

"Imeanguka?"

"Imeanguka, baba."

"Upande gani?"

"Wa kwako."

Nilisikia fimbo yake ikichora chini.

"Sogeza huyo mbuzi nimwone," akasema. Nikamsogeza. Akamshika mbavu. "Amekonda. Mbuzi wa miezi yote hii, amekonda hivi?"

Wazee wa huko wakaninyunyizia maji siku ile ile. Wifi alimwambia baba sasa unaweza kurudi. Akasema arudi wapi. Hakurudi.

Mimi nilirudi peke yangu. Nilifika mchana, kifusi kimelala kama ng'ombe aliyekufa, upande wangu umesimama wazi pale ulipokatika kutoka kwa mwenzake. Nikaweka kamba ya mbuzi juu ya zizi. Nilipoinama kuingia, macho yakapanda yenyewe juu ya mlango wangu. Kulikuwa na mstari, mwembamba kama unywele, unatoka kwenye kona.

Nikajaribu ukucha. Haukuingia, bado.

Sikuingia ndani kula. Nilichukua jembe, nikaegemeza ngazi, nikapanda juu kupunguza udongo.